Kuitambua marejea ya porini jijini Nairobi

Vichaka vyenye maua ya manjano vinavyoota kandokando ya barabara na misitu ya Nairobi hudhaniwa na wengi kuwa mmea mmoja, ilhali rangi ni ushahidi dhaifu sana katika kutambua mimea. Tithonia, kwa mfano, nayo ina maua ya manjano, lakini ina asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, wala si ya jamii ya kunde.

Mmea tunaouzungumzia hapa ni Crotalaria agatiflora, marejea wa jamii ya kunde na wa asili ya Afrika Mashariki, ambao hufikia kimo cha mita 3 hivi. Anza na jani: vijani vyake ni vitatu, vimetoka mahali pamoja. Kisha chuma ua moja, ambalo manjano yake huelekea ukijani, ulitazame kwa ubavu. Petali kubwa imesimama kwa nyuma, mbili ziko pembeni, na mbili za chini zimeungana kuwa mtumbwi wenye ncha iliyochongoka, ndani yake mkiwa na sehemu zote za uzazi. Ukiubonyeza mtumbwi huo taratibu kwa kidole, chavua husukumwa nje kupitia kwenye ncha. Kazi hiyo porini hufanywa na wadudu wenye uzito, wakiwamo nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao.

Anayewachanganya watu zaidi ni Senna didymobotrya, naye mwenyeji na wa jamii hiyohiyo. Huyu ana vijani vingi vilivyopangika jozi jozi, machipukizi ya maua yenye weusi, petali zilizofunguka bila mtumbwi, na maganda bapa. Ganda la marejea limevimba, na likikauka ukalitikisa, mbegu hulia kama kayamba.

Tahadhari moja ni muhimu. Mitoo, mboga ya majani inayouzwa sokoni, ni ndugu wa karibu wa mmea huu, hususan Crotalaria brevidens na Crotalaria ochroleuca, lakini undugu huo usimshawishi mtu kuchuma mboga porini, kwa kuwa spishi nyingi za jenasi hii zina alkaloidi zinazodhuru ini la binadamu na mifugo.

Anayetaka kutambuliwa mmea kwa picha apige jani zima, ua kwa ubavu na ganda. Picha ya shada kutoka mbali, hata ikipendeza namna gani, haitusaidii.