Kura Moja ya Ubunge, Kazi Mbili

Kwenye vikao vya elimu ya uraia Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, swali hili halikosi: "Hao wabunge wa viti maalumu, nani kawapigia kura?" Mara nyingi muulizaji ni mama, tena kwa kejeli kidogo. Jibu ni kwamba kawapigia yeye, ila hakuambiwa.

Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 66, inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wa makundi mengine yote. Ibara ya 78 inaeleza mgao: chama kilichopata walau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima hupewa viti kwa uwiano wa kura zake. Kwa hiyo karatasi unayoitumbukiza kwenye kituo cha Chumbageni inamtafuta mbunge wa Tanga Mjini, kisha inaingia kwenye hesabu ya taifa. Hata mgombea wako akianguka, kura hiyo bado inakihesabia chama chake.

Shida ni orodha. Majina hupangwa na chama, na mpiga kura hayaoni popote kwenye karatasi yake. Juu ya hapo, ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama, ubunge nao unakoma. Mama aliyepewa kiti na chama ataanzaje kukikosoa? Kugombea bila chama hakuruhusiwi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua kuwa katazo hilo linavunja haki, lakini lilibaki. Na wengi hawalijui hili: kwa ibara ya 51, Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo. Wa viti maalumu, hata awe hodari vipi, hateuliwi.

Jimbo basi. Ummy Mwalimu aliingia bungeni 2010 kwa viti maalumu, na 2020 akachaguliwa Tanga Mjini. Inawezekana, lakini kura za maoni, chama kinapomchuja mgombea wake, zina gharama. Sheria ya 2000 iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu ikaifuta 2006. Mitaani bado mgombea anaulizwa amekuja na nini, na mwanamke asiye na mtaji ndiye hukosa jibu.

Vyama vingi vilirudi 1992, lakini saa za vikao hazikubadilika. Mkutano wa mtaa unaitishwa saa nne asubuhi, muuza samaki wa soko la Deep Sea ndiyo kwanza anapara mzigo wake. Bibi Titi Mohamed, alipowaingiza wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru, kuanzia 1955, aliwafuata kwenye vikundi vyao vya ngoma. Hakungoja waje ofisini.

Mwenye nia ya kugombea asisubiri kampeni. Aende tawini sasa aulize: orodha ya viti maalumu inapangwa na kikao gani, wajumbe wake ni akina nani, na fomu zinatoka lini.