Rudisha kwanza, kisha uje madhabahuni: msamaha na fidia katika Walawi

Wengi wakitafuta huruma ya Mungu katika Biblia hukimbilia Zaburi na Injili, na Walawi wakairuka kama kitabu cha damu na moshi. Lakini sura ya 6, mstari wa 1 hadi wa 7, ina utaratibu wa msamaha ulioandikwa kwa hesabu kabisa, na makosa yanayotajwa pale hayajazeeka. Mtu amewekewa amana akaikana. Amepokea rehani, akageuka. Amemnyang'anya mwenzake au kumdhulumu. Ameokota kitu cha mtu akasema hakukiona. Kisha, ili kuzima maneno, ameapa kwa uongo. Aliyepotelewa ni jirani, lakini sheria inahesabu kwamba BWANA naye amekosewa, kwa sababu kiapo kimemleta kuwa shahidi wa jambo ambalo halikuwa.

Sasa mtu huyo dhamiri inamsuta. Afanye nini? Anaanza kwa kuungama, na Hesabu 5:7 inalitaja neno hilo waziwazi. Kisha anarudisha kitu chenyewe kizima na kuongeza sehemu ya tano ya thamani yake, mkononi mwa mwenyewe. Baada ya hapo ndipo anamletea kuhani kondoo dume asiye na kilema, awe sadaka ya hatia. Kuhani anamfanyia upatanisho, naye anasamehewa. Tazameni mpangilio wa maandiko: mwenye mali ametajwa kabla ya kuhani. Yesu anashika mkondo huohuo katika Mathayo 5:23-24, pale anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende ukapatane na ndugu yako, ndipo urudi uitoe. Mishna nayo, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika Yoma 8:9, inasema Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe mwenzake.

Tuiweke kwa shilingi. Umewekewa 500,000 ukazikana. Jirani akikushtaki na waamuzi wakakutia hatiani, Kutoka 22:9 inakudai mara mbili: 1,000,000. Ukijitokeza mwenyewe na kuungama, unatoa 500,000 na tano moja yake, 100,000, jumla 600,000, pamoja na kondoo wako. Mwizi wa mifugo hali yake ni ngumu zaidi. Mnyama akikutwa hai mikononi mwake, analipa wawili kwa mmoja. Akiwa amekwisha kumchinja au kumuuza, analipa kondoo wanne kwa kondoo na ng'ombe watano kwa ng'ombe (Kutoka 22:1, 4). Asiye na kitu aliuzwa kwa ajili ya wizi wake. Kwa hiyo laki nne zile zinazopungua ndimo huruma ilimo. Sheria imemfungulia mkosaji mlango wa kurudi kabla hajakamatwa, na ikaufanya uwe wa bei anayoweza kuimudu. Jirani naye hapotezi kitu. Anapata chake na zaidi kidogo kwa usumbufu.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi kwa kubadilisha anayelipwa. Mtu amemdhulumu ndugu yake kiwanja cha urithi, halafu anapeleka shukrani nono kanisani na kujiona amesafishika. Hesabu 5:8 inamruhusu kuhani kupokea fidia katika hali moja tu: aliyekosewa hayupo na hana jamaa wa kurudishiwa. Maadamu jamaa yupo, fedha ni ya jamaa. Kosa la pili ni la mkosaji kuwahi kusema yaliyopita si ndwele. Methali ni nzuri, ila haki ya kuitamka ni ya aliyeumizwa. Ikitoka kinywani mwa aliyeumiza, tena kabla hajarudisha, ni njia ya kukwepa deni.

Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru pale Yeriko, hakukwepa. Katika Luka 19:8 anawapa maskini nusu ya mali yake, na aliowanyang'anya kwa hila anawarudishia mara nne. Hakuna aliyemshtaki mahakamani. Angeweza kutumia kipimo cha Walawi, tano moja tu juu ya deni. Amejichagulia kipimo cha mwizi aliyekwisha kumchinja kondoo. Pigeni hesabu: nusu ikishatoka, iliyobaki inatosha kulipa mara nne ikiwa alichopora hakizidi sehemu moja ya nane ya mali yake yote. Kikizidi hapo, anabaki mikono mitupu. Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humo.

Kuna madeni yasiyolipika, na hapa sadaka ya hatia inafika mwisho wake. Nabii Nathani alipomsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemchukua mwana-kondoo pekee wa maskini, Daudi aliwaka hasira, akasema mtu huyo atamrudisha mara nne (2 Samweli 12:6). Aliijua sheria vizuri. Lakini tajiri wa kisa hicho alikuwa Daudi mwenyewe: Uria, ambaye Daudi alimchukua mkewe, alikuwa amekwisha kufa vitani kwa amri ya Daudi mwenyewe, na uhai haurudishwi kwa nyongeza ya tano moja. Hapo Daudi hakuwa na kondoo wa kuleta. Alisema tu, “Nimemfanyia BWANA dhambi,” na Nathani akamjibu kwamba BWANA ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Msamaha ulikuja papo hapo, ila machungu ya nyumba yake hayakufutwa: mtoto alikufa, na upanga haukuondoka kwake.

Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaitaja siku ile ya Nathani, inatamka jambo hilo bila kuzunguka: Mungu hapendezwi na dhabihu, la sivyo Daudi angeitoa; anachotaka ni moyo uliovunjika na kupondeka. Wahubiri wengi huishia mstari wa 17. Ukiendelea hadi wa 19, ng'ombe wanarudi juu ya madhabahu, na safari hii sadaka zinapokelewa.