Kufumbia macho si kutoona, wala si kusamehe

Kuna sentensi ambayo kila msikilizaji wa taarifa ya habari ya Kiswahili ameizoea: "Hatutalifumbia macho suala hili." Anayeitamka huwa na cheo, na uso ameukunja. Kinachonivutia ni kwamba msemo huu unapenda sana ukanushi. Kwa nafsi ya kwanza tunakana, kwa nafsi ya tatu tunashutumu: "wakubwa wameyafumbia macho." Ni nadra mtu kukiri, "Nimeufumbia macho wizi ule." Neno ambalo kila mtu anamrushia mwenzake halichunguzwi sana, na ndiyo maana dhana potofu zimelizunguka.

Dhana: aliyefumbia macho ni yule ambaye hakuona

Ni kinyume kabisa. Mlinzi aliyesinzia ghala likavunjwa hakufumbia macho, alizembea. Aliyewaona wezi wakibeba magunia kisha akageukia upande wa pili na kuanza kuhesabu nyota, huyo ndiye tunayemsema. Kipofu hafumbii macho.

Ushahidi umo ndani ya kitenzi chenyewe. Kufumba macho mtu hukufanya mwenyewe, kwa kope zake, kwa sababu ya vumbi, usingizi au sala. Ukiongeza kiambishi cha kauli ya kutendea, anaingia mtu mwingine kwenye sentensi. Pika ni kupika tu, lakini pikia lazima awepo anayepikiwa. Vivyo hivyo fumbia: yupo mtu au lipo jambo linalofumbiwa, na kope zimeshuka kwa faida yake. Usipojua kwamba yupo, huna wa kumfumbia.

Neno "macho" nalo haliachwi ovyo. "Amenifumbia" peke yake humaanisha amesema nami kwa fumbo, kama katika methali: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Wapo pia wanaoandika "kufungia macho". Kufungia ni kutia kizuizini au kupiga marufuku, kama mchezaji anavyofungiwa mechi tatu. Macho ya mateka hufungwa kwa kitambaa, tena na mtu mwingine. Na kwa kuwa tumefika kwenye sarufi: ni kuufumbia macho ufisadi, kuyafumbia macho maovu, kumfumbia macho mhalifu. "Kuifumbia macho ufisadi" inakwaruza sikio, ingawa inaandikwa kila siku.

Dhana: kufumbia macho ni kuvumilia

Hapa ndipo ningeanza kusahihisha kama ningeruhusiwa sahihisho moja tu. Maneno haya mawili yanaelekea pande tofauti za uwezo. Anayevumilia ndiye anayeumia: njaa, ugonjwa, mwajiri mkali, ndoa yenye kipigo. Anayefumbia macho haumii. Yeye ana mamlaka, au wajibu, au walau sauti inayosikilizwa, na hakuitumia.

Chukua mwanamke anayepigwa nyumbani na kukaa kimya miaka mingi. Anavumilia. Mzee wa ukoo aliyeletewa malalamiko yake mara tatu na mara tatu akasema "mambo ya ndani hayo" anafumbia macho. Ukimwambia mwanamke yule, "Wewe mwenyewe uliyafumbia macho," umechukua lawama ya mzee na kumtwika aliyeumia. Nimekutana na sentensi ya namna hiyo katika maandishi ya watu wazito, na sidhani wote walikusudia ukatili. Walidhani wanabadilisha neno tu ili wasirudie "vumilia".

Funika kombe mwanaharamu apite ni jambo la tatu, wala si kufumbia macho. Anayefunika kombe amenyamaza kwa muda ili fujo isizuke mbele ya wageni, na nia yake ni kulifunua baadaye. Tatizo huja mwanaharamu anapopita na kombe likabaki limefunikwa miaka kumi.

Dhana: ni njia ya upole ya kusamehe

Msamaha unalitaja kosa. Ili nikusamehe, mimi na wewe lazima tukubaliane kwamba lilitendeka, na nikishasema "nimekusamehe" deni limefutwa, sina haki ya kulidai kesho. Kufumbia macho hakufuti kitu. Kinyume cha fumba ni fumbua, na ndiyo maana tuna "kufumba na kufumbua" kwa jambo la ghafla. Macho yaliyofumbwa leo yanaweza kufumbuliwa siku yoyote yatakapomfaa mwenye nayo. Bosi anayesema "safari hii nimekufumbia macho" hajakupa zawadi, amekuwekea akiba ya kukushika shati. Wanaoishi kwa kufumbiwa macho wanalijua hilo kuliko wanaofumba.

Dhana: ni sawa na kuruhusu

Anayeruhusu hutamka au hutia saini. Anayeridhia vilevile, kama mataifa yanavyoridhia mikataba. Anayefumbia macho huiacha sheria ukutani ilivyo, safi, haina mkwaruzo, huku watu wakipita chini yake. Kumkingia mtu kifua ni hatua nyingine tena, kwa sababu hapo unajitokeza mbele na kumzuilia wanaomtaka.

Dhana: asiyetenda hana kosa

Katika mazungumzo ya kawaida tunaweza kubishana. Katika sheria za kimataifa hoja hii imejibiwa. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanza kutumika 2002 na ambao ndio msingi wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, una Ibara ya 28 kuhusu wakubwa na walio chini yao. Kamanda wa kijeshi anaweza kuwajibika kwa uhalifu wa askari anaowadhibiti ikiwa alijua, au kwa hali ilivyokuwa alipaswa kujua, kisha asichukue hatua zilizo ndani ya uwezo wake za kuzuia au kuadhibu. Kwa mkubwa wa kiraia kipimo ni kingine: alijua, au alipuuza kwa makusudi habari zilizoonyesha waziwazi kinachotendeka. Sijui maelezo bora zaidi ya kufumbia macho kuliko hayo, ingawa walioyaandika hawakuwa wakifikiria Kiswahili. Sisi tuna neno la mitaani kwa mkubwa wa aina hiyo: amejitia hamnazo.

Dhana: neno hili ni la maovu makubwa tu

Hapana. Mtu anaweza kuufumbia macho ukweli unaomchoma, na hapo hakuna mhalifu. Marafiki hufumbiana macho kasoro ndogo ndogo na urafiki ukadumu. Hata mhariri hufanya hivyo. Ile "kuifumbia macho ufisadi" niliyoilalamikia hapo juu niliwahi kuipitisha kwa mkono wangu, saa nne usiku, ukurasa ukisubiriwa mtamboni. Niliiona.