Ukipunguza sukari, usishangae sorbeti kuwa jiwe

Joto la mwezi wa kenda na wa kumi likiingia Lubumbashi, wateja wanaagiza sorbeti, yaani juisi ya tunda na sukari iliyogandishwa ikawa laini, ya nanasi na mnanaa, na sharti ni lile lile: "Mama, utie sukari kidogo sana, sisi hatupendi utamu." Kesho yake simu inalia. Imekuwa jiwe, kijiko kimepinda!

Basi tuelewane. Sukari haitiwi kwa ajili ya utamu peke yake. Kazi yake kubwa ni kuzuia maji ya tunda yasigande yote. Maji matupu yanaganda kwenye nyuzi 0. Yenye sukari yanataka baridi zaidi, na kadiri barafu inavyojitenga, maji yanayobaki yanazidi kuwa shira nzito. Shira hiyo inakaa kati ya chembe za barafu, ndiyo maana kijiko kinapita. Konjelateri (friza) ya nyumbani inafika nyuzi 18 chini ya sifuri, na juisi tupu ya nanasi humo inakuwa tofali.

Sukari yote, ya tunda pamoja na ya kuongeza, iwe robo ya uzito wa mchanganyiko au zaidi kidogo. Ikikaribia theluthi, itabaki ujiuji. Mimi natia nanasi lililosagwa gramu 750, sukari gramu 200 na maji mililita 150. Maracuja (pasheni) unaizimua kwa maji, kwa hiyo na sukari uiongeze. Masuku, matunda yale ya porini, yakiiva yanahitaji kidogo, yenyewe ni matamu.

Ukionja kabla ya kugandisha utakunja uso kwa utamu. Sawa kabisa! Baridi inapunguza utamu ulimini, kwa hiyo anayeonja juisi ya vuguvugu na kusema "inatosha" amekwisha kukosea. Na vidonge vya utamu? Vinatiwa vichache mno, barafu haivihisi hata kidogo. Asiyetaka sukari nyingi atengeneze granita: mimina kwenye sinia pana, ukwangue kwa uma kila nusu saa mpaka iwe chembechembe. Ina ladha nzuri sana, ila usiiite sorbeti halafu ukanipigia simu kulalamika.

Wengine wanatokosa mnanaa "ili utoe ladha". Unachotoa ni uchungu na rangi ya kahawia, harufu yenyewe imekwenda na mvuke. Chemsha shira, zima moto, tia majani, funika dakika 10, chuja. Lumba-lumba (aina ya mrehani) ni hivyo hivyo. Mchaichai ndio wa kutokosa, kwa kuwa shina lake ni gumu: uponde kwanza. Ndimu ikamuliwe mwishoni, shira ikishapoa.

Halafu kuna hili la "barafu inaua vijidudu". Haiui! Vingi vinalala tu vikisubiri tumbo lako, na cha kipindupindu kimo. Maji ya kisima yachemke mpaka yabubujike dakika nzima. Nanasi lioshwe kabla ya kumenywa, kwa sababu kisu kinabeba uchafu wa ganda mpaka ndani, na mnanaa wa sokoni usuuzwe kwa maji safi, siyo yale ya beseni la muuzaji.

Mashine si lazima. Hata konjelateri si lazima: barafu iliyopondwa sehemu tatu na chumvi sehemu moja kwa uzito, kwenye beseni, inaweza kushuka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Weka sufuria ya chuma yenye mchanganyiko wako katikati, koroga na kukwangua pembeni mpaka ishikane. Funika vizuri, chumvi isiingie.

Umeme ukikatika sorbeti ikalainika lakini bado ni baridi, isage upya ndipo uirudishe, la sivyo itaganda kwa chembe kubwa kama changarawe. Ikishapata vuguvugu, mwaga.