Kiribati: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Upotofu kuhusu Kiribati, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, huanzia kwenye jina. Anayelisoma kwa Kiswahili hutamka silabi zote nne, ilhali wenyeji husema "Kiribas", kwa kuwa maandishi yao hayana herufi s na sauti hiyo huandikwa ti. Wala si jina la kale: ni Gilbert, jina la kikoloni la visiwa hivyo, lililogeuzwa kwa matamshi ya huko.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba hii ni nchi ndogo. Nchi kavu ni ndogo kweli: kilomita za mraba 811 zilizotawanyika katika visiwa 33, karibu vyote vya matumbawe na vya kimo cha mita chache tu juu ya bahari. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao 120,000, zaidi ya nusu yao wakibanana Tarawa Kusini, uliko mji mkuu. Hata hivyo, bahari ambayo Kiribati ina haki ya kuvuna rasilimali zake ni takriban kilomita za mraba milioni 3.5, eneo linaloipita India nzima.

Asiyeijua bahari hiyo hudhani taifa linaishi kwa watalii wa ufukweni. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi ya karibuni zaidi ya nusu ya mapato ya serikali imetokana na leseni za kuvua jodari, na wavuvi wenyewe wengi ni meli za kigeni. Chini ya utaratibu wa nchi za Mkataba wa Nauru, yaani visiwa vya Pasifiki vinavyosimamia kwa pamoja uvuvi wa jodari, meli zinazozingira makundi ya samaki kwa nyavu hulipia kila siku ya kuvua, na bei ya chini iliyowekwa ni dola 8,000 za Marekani. El Nino inapokuja, maji ya joto husogea mashariki, jodari huyafuata, na hazina ya Kiribati hunona. Kijijini fedha hupatikana kwa mbata, ambayo serikali huinunua kwa bei ya ruzuku, kwa dola za Australia, maana nchi hutumia sarafu hiyo. Mgema naye hupanda mnazi asubuhi na jioni, akapunguza ncha ya karara kwa kisu kikali na kubadilisha chupa; tembo likichemshwa huwa asali nzito iitwayo kamaimai.

Wengine husema utajiri ulikwisha pamoja na fosfati, madini ya mbolea, ya kisiwa cha Banaba. Uchimbaji ulianza mwaka 1900 na kukoma 1979, baada ya kukiharibu kisiwa hicho, na wenyeji wake wengi walikuwa wamehamishiwa Rabi, huko Fiji, mwaka 1945. Lakini tangu 1956 sehemu ya mapato hayo iliwekwa katika mfuko wa akiba unaowekezwa ng'ambo, na mfuko huo ungali unaitegemeza bajeti.

Si kweli pia kwamba Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wa nchi. Kiribati ni jamhuri tangu 12 Julai 1979. Bunge, liitwalo "Maneaba ni Maungatabu", huteua wagombea watatu au wanne miongoni mwa wabunge wake, kisha wananchi humchagua rais, Beretitenti, asiyeruhusiwa kuzidisha vipindi vitatu. Linalonivutia zaidi ni hili: bunge likimwondolea rais imani, nalo huvunjika. Mwaka 2003 Teburoro Tito aliangushwa hivyo, na baraza la watu watatu likashika dola hadi Anote Tong aliposhinda uchaguzi. Neno maneaba lenyewe ni jumba la mikutano la kijiji, ambamo kila ukoo una mahali pake pa kukaa panapoitwa boti, na wazee huketi kwa nasaba.

Wengine hudhani kwamba bahari inayopanda imeshalifanya taifa liamue kuhama, kwa kuwa mwaka 2014 Kiribati ilinunua ardhi ya takriban kilomita za mraba 20 huko Fiji; ununuzi huo haukuwa tangazo la kuhama. Rais Taneti Maamau, aliyeingia madarakani 2016, ameweka mkazo katika kuviendeleza visiwa vyenyewe. Huko bahari haisubiri kufunika paa: huanza kwa kupenya katika visima na mashimo ya bwabwai, aina ya magimbi ya majini, na kuyatia chumvi.