Mwenye daftari kwenye benchi la nyuma

Kijiweni kwetu Ngamiani, hapa Tanga, penye kahawa na kashata, kazi yangu imeshapewa majina matatu: umbea, ushushushu na uzururaji. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika shirika. Siku mbili kwa wiki naingia mahakamani, nakaa benchi la nyuma, naandika jinsi kesi zinavyoendeshwa. Sina kesi wala ndugu kizimbani, na hilo ndilo linalowakosesha watu usingizi. Haya hapa wanayoniambia, na majibu yangu.

“Mahakamani haendi asiye na kesi”

Jirani mmoja ninayemwita shangazi alinikuta getini akashika mdomo. “Mwanangu, kuna nini tena?” Nikamwambia shikamoo shangazi, hakuna kitu, nimekuja kusikiliza tu. Hakuniamini. Jioni mama yangu akapigiwa simu ya pole.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kesi isikilizwe mahakama ya wazi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia kadiri chumba kinavyotosha. Hulipi, hujiandikishi. Lugha nayo si kikwazo kama zamani, maana tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi pale inapobidi. Zipo zinazosikilizwa faraghani: mashauri ya mahakama ya watoto, ushahidi wa makosa ya kujamiiana, na mengine ambayo hakimu ataona sababu ya kuwatoa watu. Ukiambiwa toka, unatoka. Simu inazimwa, na kupiga picha bila ruhusa ni kujitafutia matatizo.

“Huyo amewekwa amsimamie hakimu”

Hapa ndipo penye kosa kubwa, na wanaolifanya ni pamoja na ndugu wa washtakiwa. Wananifuata chini ya mwarobaini: “Kaka, umeona alivyotuonea? Andika basi, hukumu ifutwe.” Siwezi. Ibara ya 107B ya Katiba inataka wote wanaotoa haki wawe huru, wafuate Katiba na sheria za nchi tu. Asiyeridhika na hukumu anakata rufaa, na siku zinahesabika: kwa kesi ya jinai inayotoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la rufaa ni siku 10, rufaa yenyewe siku 45. Nimeona watu wakizimaliza siku hizo wakimtafuta mtu wa shirika, wakati karani yuko dirishani mita ishirini kutoka hapo. Mwenye malalamiko juu ya mwenendo wa hakimu anayo Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama, ambayo ngazi ya wilaya mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya (mpangilio ambao mimi binafsi naukunjia uso, lakini ndio uliopo). Rushwa ni TAKUKURU, namba 113, haikatwi hela.

Sasa mimi naandika nini? Ukurasa wa daftari langu una mistari ya rula. Saa iliyopangwa. Saa hakimu alipoingia. Mshtakiwa ana wakili au hana. Amesomewa shtaka kwa lugha anayoielewa? Ameelezwa habari ya dhamana? Kama kesi imepigwa kalenda, yaani imeahirishwa, ni mara ya ngapi na sababu iliyotajwa ni ipi. Mstari wa mwisho ndio unaojaa upesi: “upelelezi haujakamilika”, “shahidi hakufika”, “jalada liko kwa mwanasheria”. Ibara ya 107A inakataza kuchelewesha haki bila sababu ya msingi, na sababu haipimwi kwa kuikumbuka. Inataka maandishi.

Nisichoandika ni nani mwongo. Mwezi wangu wa kwanza nilichora pembeni ya jina la shahidi maneno “huyu anadanganya waziwazi”. Dada aliyekuwa akinifundisha hakusema kitu. Alichukua kalamu nyekundu akayakata, kisha akauchana ukurasa mzima na kuniambia niandike upya. Ukurasa ule ungeangukia mikononi mwa mtu wakati kesi inaendelea, tungeonekana tumeshahukumu, na mlango ule tusingeukanyaga tena.

“Marekani wakitaka siri ya serikali wanaingia wanachukua”

Hii ni ya vijana wa kwenye simu. Wamesikia habari za Judicial Watch, shirika la Washington lililoanzishwa 1994, wakadhani lina mamlaka kama ya TAKUKURU. Halina hata pingu. Silaha yake ni barua: linaomba nyaraka kwa sheria ya uhuru wa habari ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Julai 1966, na ofisi ikipitisha siku 20 za kazi bila jibu, linaishtaki. Ni shirika la mrengo wa kulia, wala halifichi, na mahasimu wake hawaachi kulikumbusha. Lakini mwaka 2001 lilimfungulia kesi hata Dick Cheney, makamu wa rais wa chama cha Republican, cha mrengo huohuo, likitaka kumbukumbu za kikosi kazi chake cha nishati. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu 2004, ikarudishwa chini, na 2005 Cheney akashinda. Miaka minne ya mawakili, na walichokitaka kwake hawakukipata.

Tena sheria ile haizigusi mahakama wala Bunge lao. Anayetaka jalada la kesi ya mahakama za shirikisho huingia kwenye mfumo uitwao PACER na kulipa senti 10 kwa ukurasa, wakati hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani za kwetu zinasomwa kwenye tovuti ya TanzLII bila malipo, ni bando lako tu. Na kamera mnazoziona kwenye televisheni ni za mahakama za majimbo. Kesi ya jinai ya shirikisho hairushwi.

Nasi tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, yenye siku 30 za kujibiwa. Ila imeandikwa kwa ajili ya raia peke yake, na ile ya Marekani inampokea mtu yeyote. Yaani Mmarekani hawezi kuitumia ya kwetu kuiomba taarifa Halmashauri ya Jiji la Tanga, lakini mimi, nimekaa Ngamiani na kikombe mkononi, naweza kuiandikia wizara ya Washington. Mzee wetu wa kijiweni aliposikia hivyo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu.

“Nyie ni vibaraka wa mabeberu”

Swali la hela ni halali, na wenzangu wanaolinunia wanakosea. Mashirika mengi yanaishi kwa fedha za wafadhili wa nje. Ndiyo maana kanuni za mashirika za 2018 zikayataka yatangaze hadharani fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Mtu akikuuliza nani anakulipa nauli, mwonyeshe kitabu. Anayehubiri uwazi halafu anafungia leja kabatini ana kesi ya kujibu.

Kinachoniudhi ni kusema kwamba hamu ya kuona mambo ya serikali imekuja na ndege. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Ule mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, OGP, Tanzania iliingia 2011 kwa hiari yake, chini ya Rais Kikwete, mtu wa Msoga pande hizo za Bagamoyo. Ikajitoa 2017, nayo kwa uamuzi wake.

“Berlin wameshasema mahakama zetu zinanuka”

Kila mwaka Transparency International, shirika la Berlin linalopinga rushwa, likitoa jedwali lake la nchi, kijiwe kinawaka. Jedwali lile ni la jinsi wataalamu na wafanyabiashara wanavyouona ufisadi katika sekta ya umma ya nchi. Hawajaketi kwenye chumba chochote cha mahakama ya Tanga, na wenyewe hawasemi wameketi.

“Ikishindikana hapa tunaipeleka Arusha”

Arusha ipi? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko pale, lakini Tanzania iliondoa tamko lake la kuwaruhusu watu na mashirika kuishtaki Novemba 2019, na tangu 22 Novemba 2020 mtu binafsi au shirika haliwezi kuishtaki nchi yetu moja kwa moja pale. Mwenyeji wa mahakama, na mlango kwa wenyeji umefungwa. Mahakama ya Afrika Mashariki, hukohuko Arusha, bado inampokea mkazi yeyote, kwa madai kwamba serikali imevunja Mkataba wa Jumuiya. Machi 2019 ilitoa hukumu juu ya Sheria yetu ya Huduma za Habari baada ya mashirika ya hapa nchini kuipeleka huko. Ila haikupokei kama ngazi ya rufaa ya kesi yako ya shamba, na muda wa kufungua shauri ni miezi miwili tu.

Mzee wa kijiweni akaihesabu milango hiyo kwa vidole, akaacha. “Basi daftari lako linaishia wapi?” Nikamwambia linakwenda kwa mratibu wetu kila Ijumaa, na jedwali la tuliyoyaandika linapelekwa kwenye kikao cha kusukuma kesi, ambako mahakama na wahusika wengine wa kesi hukaa pamoja. Kuna asubuhi moja mashauri yote ya mahabusu yalipigwa kalenda kwa sababu karandinga halikuwa na mafuta. Niliandika hivyohivyo, pamoja na saa. Kwenye kikao lilisomwa kwa sauti, mbele ya wanaoagiza mafuta. Wiki iliyofuata karandinga lilifika saa mbili na nusu, na nikaandika hilo pia.