Ua jeupe la Kilimanjaro: tuleteeni picha, mmea uacheni mlimani

Kila baada ya misafara ya Desemba ya kupanda Kilimanjaro, mapokezi ya ofisi yetu hapa Dar es Salaam hujaa mimea iliyokufa. Wananchi huing'oa mlimani kwa nia njema kabisa, kisha wanatuletea tuwaambie ni mimea gani. Safari hii mmoja aliuleta wake ndani ya mfuko wa plastiki wa aina iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo alikuwa na makosa mawili mkononi kabla hajakaribishwa kiti.

Mmea unaoulizwa zaidi ni wa jamii ya haradali: ua dogo jeupe, petali nne zilizokaa kama msalaba, stameni (viungo vya kiume vya ua) sita, nne ndefu na mbili fupi. Jamii hii mnaila kila siku. Kabichi, sukuma wiki, chainizi na figili zote zimo. (Mchicha haumo. Nimeulizwa mara nyingi, haumo.) Huko juu wako ndugu zao ambao hawafiki sokoni. Mmoja ni Arabis alpina, ambao unaota pia kwenye milima ya Alpi huko Ulaya na hadi maeneo ya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia. Watafiti wa vinasaba wanaona chimbuko lake ni upande wa Uturuki, na kwamba uliingia kwenye milima ya Ethiopia na Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Kwetu umebanwa kwenye vilele vichache, lakini duniani si adimu. Adimu hasa ni Oreophyton falcatum. Jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi hiyo moja tu, nayo haipatikani popote isipokuwa milima mirefu ya Ethiopia na Afrika Mashariki. Falcatum maana yake ni wenye umbo la mundu.

Sasa, kwa ua peke yake hata mimi sithubutu kutoa jina. Mimea ya jamii hii hutambuliwa kwa tunda: urefu wake, upana wake, kama limenyooka au limepinda. Mnachotuletea ni ua lililonyauka, bila tunda, bila kujua lilichumwa mwinuko gani. Hapo ninachoweza kuthibitisha ni kwamba kulikuwa na mmea, na sasa haupo.

Kuhusu sheria, umma unakumbushwa kwamba kung'oa, kukata au kuharibu mmea wowote ndani ya Hifadhi ya Taifa ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, na kanuni zake. Kosa haliangalii ukubwa wa mmea. Kulipa kiingilio hakumpi mtu haki ya kuchuma, na ruhusa ya mpagazi au ya mwongozaji si kibali. Mtafiti anayehitaji mche mmoja tu huanza na andiko la utafiti, ambalo hupitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kibali kikitoka ndipo anapowasiliana na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Sampuli hukandamizwa kati ya magazeti, hukaushwa, huwekwa kwenye friza ili wadudu wafe, kisha hubandikwa kwenye karatasi ngumu yenye lebo: nani, lini, wapi, mwinuko gani. Ikitakiwa kutoka nje ya nchi kuna cheti cha usafi wa mimea, kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mtafiti asiye na subira huishia njiani, na ndivyo inavyotakiwa.

Wapo wanaotaka kuuotesha mmea huu wa mlimani nyumbani, Mbezi au Kigamboni. Mswidi Olov Hedberg, aliyekuja kuchunguza mimea ya vilele hivi mwaka 1948, alieleza kwamba kule juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Mmea uliozoea barafu ya alfajiri utafanya nini na usiku wa Februari wa Dar, ambao hata sisi tunaulalamikia? Ukiuziwa mche wa "ua la Kilimanjaro" kando ya barabara na ukastawi, basi umeuziwa kitu kingine. Kuhusu madai kwamba unatibu sukari, ofisi haina uthibitisho wowote na haishauri mtu kuutumia.

Tunachohitaji ni picha. Piga ua kwa karibu, piga majani ya chini yanayogusa udongo, piga tunda hata kama limekauka, halafu piga mmea mzima ukiwa na kitu cha kulinganisha ukubwa, kalamu inatosha. Andika mwinuko au jina la kituo cha karibu: "juu kidogo ya Horombo" inatusaidia kuliko "karibu na kileleni". Usitoke kwenye njia kwa ajili ya picha. Na mkitutumia, tumieni baruapepe, au kwenye WhatsApp mtume kama faili. Picha ya WhatsApp ya kawaida hupunguzwa ubora na taarifa za mahali hufutika, tukabaki na ua zuri tusilojua limepigwa wapi.